Wimbo ni wa Nani? Filamu ya Bohemian Rhapsody Ikitazamwa kutoka Pemba

Utangulizi

Wako wenzangu watakaouliza: filamu ya Kizungu, tena ya wapiga gitaa wenye nywele ndefu, inaingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi? Swali ni la haki, na jibu langu ni fupi. Filamu ni hadithi. Ina msuko, ina wahusika, ina mgogoro na kilele, na nyuma yake yupo mwandishi anayetaka tuamini jambo fulani. Kwa hiyo inahakikika. Tena mhusika wake mkuu si mgeni kwetu. Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, baba yake mshika fedha wa Mahakama Kuu. Ni mwana wa visiwa hivi, tupende tusipende.

Filamu ya Bohemian Rhapsody ilitolewa mwaka 2018. Mswada wake uliandikwa na Anthony McCarten, na mwongozaji anayetajwa ni Bryan Singer. Mara ya kwanza niliitazama bwenini hapa Pemba, watu sita tumekodolea macho kompyuta moja. Ilipomalizika wenzangu wawili walikuwa wakifuta machozi. Mimi pia nililia, sitawaficha. Lakini nilipokwenda kulala nikabaki na kero, na kero hiyo ndiyo iliyozaa makala hii.

Kero yenyewe ni hii. Filamu inatwambia kuwa bendi ya Queen ilikaribia kufa kwa kosa la mtu mmoja, na ikafufuka mtu huyo alipotubu. Mimi nasema sivyo. Mvutano mkubwa ndani ya Queen ulihusu suali ambalo hata sisi wa huku tunalijua vizuri: wimbo ni wa nani? Ni wa aliyeutunga, wa aliyeuimba, au wa kikundi kizima? Na mvutano huo haukuwa maradhi ya bendi. Ulikuwa ndio moto uliopikia chakula chake.

Kisa kwa ufupi

Kwa wale ambao hawajaiona, filamu inaanza mwaka 1970, London. Kijana mhamiaji anayebeba mizigo uwanja wa ndege anakutana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga dramu, ambao ndiyo kwanza wamekimbiwa na mwimbaji wao. Anajiunga nao. Wanapata sifa, wanatoa wimbo mrefu ambao wakubwa wa kampuni ya santuri hawautaki, na wimbo huo unashinda. Kisha sifa zinampanda mwimbaji kichwani. Anasaini kwa siri mkataba wa kutoa santuri zake peke yake, anawaacha wenzake, anazama katika starehe huko Munich chini ya mshauri mbaya. Mwisho anazinduka, anarudi, anaomba radhi, na wote wanne wanapanda jukwaani Wembley tarehe 13 Julai 1985 katika tamasha la Live Aid, lililochangisha fedha kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Hapo ndipo tulipolia.

Mtu yeyote aliyesoma fasihi atautambua mfano huu mara moja. Ni kisa cha mwana mpotevu. Kuna nyumba, kuna kuondoka, kuna kula ovyo ugenini, kuna kurudi kwa unyenyekevu. Ni msuko mzuri, umejaribiwa karne nyingi na haujachoka. Taabu yake ni kwamba ili ukubali, lazima awepo mkosaji mmoja na wasafi kadhaa.

Mwana mpotevu na tarehe zake

Hebu tuziweke tarehe mezani. Katika filamu, Freddie anavunja bendi kwa kwenda kutoa kazi yake mwenyewe. Katika historia, Roger Taylor alikwisha toa albamu yake binafsi mwaka 1981, na ya pili mwaka 1984. Brian May naye alitoa kazi yake nje ya bendi mwaka 1983. Albamu ya Freddie, Mr. Bad Guy, ilitoka Aprili 1985. Yaani aliyeonyeshwa kuwa wa kwanza kuondoka nyumbani alikuwa wa mwisho kati ya hao watatu!

Tena bendi haikuwa imevunjika. Ilipumzika kidogo mwaka 1983, wanamuziki wakiwa wamechokana, jambo ambalo halishangazi kwa watu waliosafiri pamoja zaidi ya miaka kumi. Lakini mwaka 1984 ilitoa albamu ya The Works, Januari 1985 ilipiga Rio de Janeiro mbele ya umati mkubwa, na Mei 1985 ilikuwa Japani. Live Aid ilikuwa Julai. Watu waliokuwa jukwaa moja miezi miwili kabla, filamu inawaonyesha kama waliopotezana miaka.

Kuna na jambo zito zaidi. Filamu inamfanya Freddie awaambie wenzake kabla ya Live Aid kuwa ana virusi vya UKIMWI. Maelezo ya kawaida ya maisha yake yanasema alipimwa na kuambiwa karibu mwaka 1987, na wenzake walielezwa baadaye. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Kwa nini tarehe isogezwe? Kwa sababu mwana mpotevu anahitaji adhabu kabla ya kusamehewa. Maradhi yanageuzwa kuwa hukumu. Mimi hapa siwezi kunyamaza. Katika jamii yetu tunajua madhara ya kulifanya gonjwa kuwa fimbo ya maadili. Wapo waliokufa kwa kuogopa kwenda kupima. Msanii anayesogeza tarehe ya ugonjwa ili msuko wake upendeze amefanya zaidi ya kubadilisha tarehe.

Sisemi kwamba filamu haina ruhusa ya kubuni. Ubunifu ni haki ya msanii. Nasema kila ubunifu una mwelekeo, na kazi ya mhakiki ni kuuliza unaelekea wapi na unamfaa nani.

Mgogoro ulioachwa nje

Sasa tutazame yaliyoachwa. Queen walikuwa wanafunzi wa chuo kama sisi. May alikuwa anasoma mambo ya nyota, Taylor alianzia udaktari wa meno, John Deacon, mpiga gitaa la besi aliyejiunga mwaka 1971, alikuwa mtu wa elektroniki, na Freddie alisomea sanaa ya uchoraji na usanifu wa picha. Mwaka 1972 waliingia mkataba na kampuni ya Trident iliyomiliki studio. Kampuni iliwarekodi, ikawasimamia, na ikawalipa mshahara. Nyimbo zikaanza kushika, magazeti yakaanza kuwaandika, lakini wao wenyewe waliendelea kuishi kwa mshahara mdogo wa kila wiki huku wakihesabiwa kuwa wadeni wa kampuni. Mwaka 1975 wakapambana hadi wakajitoa katika mkataba ule, na hasira za ugomvi huo zikaingia katika wimbo wa kwanza wa albamu ya A Night at the Opera.

Huu ndio mgogoro wa kweli baina ya wenye kazi na wenye mali. Filamu inaupa nafasi gani? Haiupi. Badala yake inatuletea Ray Foster, bwana mmoja wa kampuni ya santuri, mhusika wa kubuni, ambaye kosa lake ni kutokuwa na sikio la muziki. Tunamcheka, tunasonga mbele. Unyonyaji umegeuzwa ujinga wa mtu mmoja. Ni mbinu ileile: mgogoro wa mfumo unakuwa mgogoro wa tabia.

Na hapa niwakumbushe kisa cha nyumbani. Mwaka huohuo wa 1985 ambao filamu inausingizia kuvunjika kwa Queen, Dar es Salaam ilikuwa na mtikisiko wa kweli. Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake na kuwavuta wanamuziki sita wa mstari wa mbele kutoka DDC Mlimani Park Orchestra, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mashabiki wa Sikinde walidhani ndiyo mwisho. Haukuwa mwisho, Sikinde iliziba mapengo ikaendelea. Lakini tujiulize, kwa nini ilikuwa rahisi namna ile kuwahamisha watu sita kwa mpigo? Kwa sababu katika muziki wetu wa dansi jina na vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya shirika au tajiri. Mwanamuziki alimiliki koo lake na vidole vyake tu. Akikasirika, au akiahidiwa maslahi mazuri zaidi, hana cha kukiacha nyuma kinachomuuma.

Queen, baada ya 1975, walikuwa na kitu kinachouma: jina lao na nyimbo zao. Kwa hiyo walibaki wakagombana. Mtu asiyekuwa na fungu katika nyumba huhama. Mwenye fungu hugombana. Ugomvi wa ndani, kwa maana hiyo, ni dalili ya umiliki.

Upande wa pili wa santuri

Walikuwa wakigombania nini? Enzi hizo santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, wimbo mmoja kila upande. Mnunuzi alinunua kwa ajili ya wimbo wa upande wa kwanza. Lakini mrabaha wa utunzi ulikwenda kwa watunzi wa pande zote mbili, sawa kwa sawa. Wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Freddie, ulitoka mwishoni mwa Oktoba 1975, urefu wake karibu dakika sita, ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza wiki tisa. Upande wa pili uliwekwa wimbo wa Roger Taylor kuhusu mapenzi ya mtu na gari lake. Taylor akavuna mrabaha kama wa Freddie, na mzozo wa jambo hilo haukuisha haraka. Filamu inaligusa hili kwa mzaha, tunacheka, yamekwisha.

Lakini si mzaha. Ndilo jambo lenyewe. Bendi hii ilikuwa na kitu adimu: wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja alitunga angalau wimbo mmoja uliotikisa dunia. May alitunga We Will Rock You. Freddie alitunga We Are the Champions. Deacon, mtu mkimya kuliko wote, alitunga Another One Bites the Dust mwaka 1980. Taylor alitunga Radio Ga Ga mwaka 1984. Albamu ina nafasi kumi tu au zaidi kidogo, na kila nafasi ni jina na ni fedha. Basi kila mmoja ilimbidi alete wimbo utakaowashinda wa wenzake mezani, na kila wimbo uliopita ulikuwa umepigwa msasa na watu watatu wasiotaka kuupitisha. Huo ndio ukuaji wa Queen. Haukutokea licha ya mivutano. Ulitokana na mivutano.

Mwaka 1989, katika albamu ya The Miracle, wakaamua: nyimbo zote zitiwe jina la Queen, bila kumtaja mtunzi mmoja. Wakati huo Freddie alikuwa mgonjwa na wenzake wanajua. Waliokuwa wakigombania nafasi kwa karibu miaka ishirini wakaweka chungu kimoja.

Sasa tazama filamu ilivyolifanya tukio hili. Imelivuta nyuma hadi 1985, katika ofisi ya mwanasheria wao Jim Beach. Wanamwambia Freddie atoke nje kidogo, wanamwacha asubiri, kisha wanamrudisha na kumpa masharti: tangu leo nyimbo zote ni za Queen. Naye anakubali kwa unyonge. Uamuzi ambao kwa kweli ulikuwa mapatano ya wote wanne umekuwa faini ya mkosaji mmoja. Nilipoitazama mara ya tatu, hapo ndipo nilipoizima kompyuta nikatoka nje.

Kamange, Sarahani na adabu ya majibizano

Pengine mtu aliyekulia Pemba huliona jambo hili upesi zaidi. Kisiwa hiki kimewatoa Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, maarufu Kamange, aliyefariki mwaka 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka 1926. Tungo zao zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na kitabu kikatoka mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla, kwa jina la Kale ya Washairi wa Pemba. Wawili hawa walikuwa marafiki, na walikuwa wakijibizana kwa mashairi. Huyu akitupa, yule akidaka na kurudisha. Hakuna anayesoma majibizano yale akasema urafiki wao ulikuwa umeharibika. Kinyume chake, tunasema: kama si Sarahani, Kamange asingepanda hivi, na kama si Kamange, hali kadhalika.

Majibizano yana adabu zake mbili. Kwanza, kila mmoja hutia jina. Katika mashairi yetu ya kale ni jambo la kawaida beti za mwisho zimtaje mtunzi, ili neno lisije likawa la mtu mwingine. Pili, kila mmoja ana zamu ya kujibu. Ukisema peke yako, hujibizani, unahubiri.

Tukiipima filamu kwa mizani hii, kasoro yake kubwa inaonekana. Brian May na Roger Taylor walishiriki katika kuitengeneza, na Jim Beach alikuwa mmoja wa watayarishaji. John Deacon alijiondoa katika muziki baada ya 1997 na amenyamaza. Freddie yuko kaburini. Kwa hiyo tunasikia upande mmoja wa majibizano, na upande huo unaeleza ugomvi kuwa ulikuwa wa yule asiyeweza kujibu. Siwashutumu kwa nia mbaya. Upendo wao kwa marehemu unaonekana katika filamu nzima. Nasema tu kwamba zamu imekosekana.

Na sisi tusijitie usafi. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Wete, alikuwa akitunga mashairi na kuvipa vikundi vya taarab. Mmoja wa wimbo wake hadi leo huimbwa harusini. Ukiuliza ni wimbo wa nani, utatajiwa mwimbaji. Ukibisha, utatajiwa kikundi. Taarab imeyagawa mambo haya mafungu matatu, mshairi, mtia sauti na mwimbaji, na fungu la kwanza ndilo linalopotea mwanzo, kwa sababu anayetia jina katika shairi hukuta ubeti wa jina umekatwa ili wimbo usirefuke. Babu hakupata senti wala hakulalamika. Lakini kila wimbo ule ulipopigwa redioni aliinuka akaenda kuzima, akisema betri inaisha. Redio yenyewe ilikuwa ya umeme.

Basi jina la pamoja lina sura mbili. Kwa Queen ya 1989 lilikuwa mapatano ya watu wanne walio sawa. Kwa babu yangu lilikuwa kifuniko. Tofauti haiko katika jina. Iko katika suali la nani aliulizwa kabla ya jina kuwekwa.

Kufaulu na kutofaulu kwa filamu

Tuwe waadilifu. Filamu imefaulu sana katika uigizaji. Rami Malek, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hii, ameyabeba macho, meno na mwendo wa Freddie bila kumfanyia kejeli. Sehemu ya Live Aid imejengwa kwa ustadi hata mtazamaji anahisi jasho. Imefaulu pia kuonyesha ugeni wa kijana wa kihamiaji anayetukanwa kwa asili ambayo wala si yake.

Imeshindwa katika mambo mawili. La kwanza nimelieleza: imegeuza mvutano wa kazi kuwa dhambi ya mtu. La pili ni Zanzibar. Inatajwa mdomoni tu, hatuioni. Mtoto huyu alisoma skuli ya bweni India, akarejea Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, aliondoka na wazazi wake kwenda Uingereza akiwa na miaka kumi na saba. Kijana wa miaka kumi na saba si ukurasa mtupu. Lakini filamu inaanza kana kwamba alizaliwa uwanja wa ndege.

Nasi tumechangia utupu huo. Mwaka 2006 mpango wa kuadhimisha Unguja miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ulipingwa vikali na jumuiya ya UAMSHO. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe, na watalii wanapigia picha mlangoni. Wengine wamemkataa, wengine wanamuuza. Wachache wamekaa wakaisoma kazi yake. Rafiki yangu mmoja wa bwenini alishituka kusikia katikati ya wimbo ule mrefu neno ambalo sisi huanzia nalo kila jambo jema. Akaniuliza limefikaje pale. Suali hilo moja lina manufaa kuliko kelele za 2006.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Bohemian Rhapsody imechukua kisa cha watu wanne waliokuzana kwa kugombana, ikakifanya kisa cha mmoja aliyepotea na watatu waliosubiri. Kwa machozi yetu inastahiki sifa. Kwa ukweli wa kazi ya sanaa inastahiki kujibiwa.

Kwa wenzangu wanaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, nina ombi. Waendeni wazee wa vikundi vya taarab vya Wete, Chake Chake na Mkoani kabla hawajaondoka. Msiwaulize nani aliimba. Hilo linajulikana. Waulizeni nani alitunga, nani alitia sauti, na siku jina lilipowekwa nani alikuwepo. Na kama yupo mwalimu au mwanafunzi anayeona nimemtetea Freddie kupita kiasi, ukurasa huu ni wake toleo lijalo. Zamu ya kujibu ipo.